Uso wa Enesia Chini ya Kioo

Iko siku moja ambayo nimejaribu kuisahau, mwanangu, na kila nikijaribu inarudi na baridi yake yote. Ulipoingia dukani kwangu juzi, hapa mtaani Ramadhani, ukaiona ile lenzi nyeusi kwenye kabati na kuniuliza kama naiuza, nilikujibu vibaya. Nilisema haiuzwi, nikageuka kupanga fremu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Uliondoka umenuna, na ulikuwa na haki ya kununa. Leo nakupa jibu lako kamili, ila ni refu, kwa hiyo vuta kigoda, na hilo koti usilivue.

Najua unachokitaka. Ninyi vijana mmegundua kwamba lenzi za zamani, zile za chuma ambazo wazee walizizungusha kwa mkono, ukizifunga kwenye kamera ya kisasa kwa pete ya kuunganishia, zinatoa picha laini, na nyuma ya bibi harusi kunayeyuka kama siagi kwenye kiazi cha moto. Ni kweli. Lenzi yangu ilitengenezwa katika nchi ambayo siku hizi haipo kwenye ramani, na bado inamtoa mtu vizuri kuliko nyingi zilizotoka kiwandani mwaka jana. Ya kale ni dhahabu, sibishi. Ila wanaoisifu dhahabu kwa kawaida si wale walioibeba.

Nilipewa na Mzee Mligo wa Makambako. Huyu alikuwa na studio karibu na stesheni ya reli tangu enzi za filamu, na ndiye aliyenifundisha kazi. Filamu zilipokufa, studio ikawa duka la vocha na soda, na yeye akawa anakaa mlangoni akitazama malori yakipita. Nilipopata kamera yangu ya kwanza ya dijitali isiyo na kioo ndani, nilikwenda kumwonyesha. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina mke na watoto wawili, lakini kwa hesabu za serikali bado nilikuwa kijana, na kwa akili pia. Mzee aliigeuzageuza kamera, akaingia ndani, akarudi na lenzi imefungwa kwenye soksi ya sufu.

"Hii haijui kulenga," alisema. "Wewe ndiye utakayelenga. Picha ikiharibika, usije kuniambia kamera imegoma."

Nilicheka. Nilidhani ananipa zawadi, kumbe alikuwa ananipa kazi.

Siku za mwanzo ilinisumbua. Kamera ya kisasa haiitambui lenzi ya namna hiyo. Inaandika sifuri, kana kwamba umeiacha mdomo wazi bila kitu mbele, na hadi uiamuru kwenye mipangilio ndipo inakubali kupiga. Baada ya hapo kila kitu ni mkono wako. Unazungusha pete polepole, na kwenye skrini vinawaka vistari vyekundu pembeni mwa kitu kilicho wazi: ukizungusha kidogo vinahama kutoka kwenye kola ya shati hadi kwenye kope za macho, ukizungusha tena vinaenda ukutani. Nikaipenda. Nikaanza kujiona fundi.

Sasa nikueleze kuhusu Enesia. Alikuwa akishona nguo kwenye kibaraza cha jirani na duka langu, cherehani yake imeegemea ukuta wangu, kiasi kwamba akikanyaga pedeli fremu zangu ndogo zilikuwa zinatetemeka. Mwanamke wa mashavu, mcheshi, anayekukosoa shati ulilovaa kabla hajakuamkia. Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu. Mumewe, Festo, alikuwa dereva wa malori ya Kongo, na wenzake walikuwa wakikaa Makambako, pale magari makubwa yanapopumzika. Nyumba yao ilikuwa hapa mjini, Mjimwema. Festo akiondoka, huondoka kwa miezi.

Safari moja alipoondoka, Enesia akaugua. Ugonjwa wa tumbo, ulianza kama mzaha. Alifunga cherehani yake, akahamia kwa mama yake kule kijijini Yakobi, na kwa mumewe akawa anasema kwenye simu kwamba anaendelea vizuri. Alimkataza kila mtu asimwambie, ati Festo akiendesha na mawazo ataua watu barabarani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nao hawakukosea. Alipofariki, Festo alikuwa amekwama mpakani kwenye foleni ya malori, mzigo wa watu mgongoni. Ukoo ulisubiri, mchungaji akasubiri, mwisho wakasema tuzike.

Mama yake ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika Yakobi alinitoa pembeni, kwenye uzio wa mianzi, tukaamkiana kwa Kibena, kisha akanishika mkono asiuachie.

"Baba, Festo ameomba picha ya uso," alisema. "Mpigie. Lakini asimwone."

"Mama, nitapigaje picha ya uso ambao hauonekani?"

"Wewe ndiye fundi. Enesia amenishika hivi hivi siku ya mwisho. Amesema Festo amkumbuke alivyomwacha stendi ya Makambako. Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Nimwambie nini mtu anayekufa?"

Nami nikamwambia ndiyo, mama. Hebu niambie wewe ungesema nini.

Unajua desturi yetu. Jeneza linawekwa uwanjani, kile kidirisha cha kioo kiko juu ya uso, watu wanapanga mstari na kupita mmoja mmoja kutoa heshima za mwisho. Mpiga picha husimama upande wa miguu, watu wakipungua husogea. Nilianza na lenzi yangu mpya, ile inayojilenga yenyewe, nikaona aibu ya mwaka. Ilikuwa inanguruma ikienda mbele na kurudi nyuma, mara inashika mawingu yaliyomo kwenye kioo, mara kola nyeupe ya mchungaji, na taa yake ndogo nyekundu ikamulika uso wa marehemu mbele za watu. Bibi mmoja akaniangalia kwa jicho ambalo hadi leo linaniwasha. Nikaitoa, nikafunga ya Mzee Mligo.

Nilipochungulia nikauona uso wa Enesia. Mwanangu, nilimjua kwa lile kovu tu. Mashavu yalikuwa yameondoka yote, na mdomo ulikuwa umekaa kama wa mtu aliyekuwa anaomba kitu asisikilizwe. Nikaelewa kwa nini mama ameniomba. Upande wa pili wa jeneza mama mwenyewe alikuwa ameinama analia, na sura yake ilikuwa ndani ya kioo, juu ya sura ya mwanawe.

Hapa kuna siri ya kazi, ishike. Sura inayoonekana kwenye kioo haikai juu ya kioo. Kwa lenzi iko mbali zaidi, kwa sababu inahesabu kutoka kwako hadi kwenye kioo, na tena kutoka kwenye kioo hadi kwa mtu mwenyewe. Marehemu yuko karibu, aliye hai yuko mbali. Kwa hiyo nilizungusha pete kidogo, vistari vyekundu vikatoka kwenye kope za Enesia vikahamia kwenye kilemba cha mama yake. Enesia akageuka moshi. Nikapiga. Nilijiona nimepata busara ambayo hata wazee wangeisifu: uso umo kwenye picha, na hauonekani.

Mzee Mligo alikuwepo msibani, amekuja na basi kutoka Makambako kwa kuwa Festo alikuwa akinunua vocha kwake. Alinifuata pale nilipojibanza nyuma ya migomba michache iliyokonda kwa baridi, akanyoosha mkono, nikampa kamera. Aliitazama skrini kwa muda. Mzee yule hakuwahi kupaza sauti maishani mwake, na siku hiyo pia hakupaza.

"Huyu ni mama yake," alisema. "Enesia yuko wapi?"

"Mama ameomba iwe hivyo, mzee."

"Mama ana macho, ameshamwona. Festo leo hana macho, ana wewe. Umemwazima ya kwako, halafu umeyafumba."

"Nimeahidi."

"Basi tunza ahadi, usimpelekee. Lakini ipige. Mtu akizikwa bila kuonekana, hutafutwa."

Nikataka kubisha, nikakumbuka kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilirudi. Fundi wa jeneza alikuwa ameshashika kifuniko. Nikamwomba asubiri, nikainama, nikazungusha pete kurudi karibu, polepole, mpaka vistari vyekundu vikalala juu ya kope za Enesia na kwenye kovu la nyusi. Nikapiga moja. Macho hayana pazia, wanasema, lakini siku hiyo nilitamani ya kwangu yawe nalo.

Baada ya maziko mama aliniuliza, "Umepiga ile tuliyosema tu?"

"Ndiyo, mama."

Nikamtumia Festo ile ya kwanza.

Picha haikukaa kwake. Wenzake pale Makambako waliomba waione, mmoja akamtumia mwingine, na simu za watu zilivyo, jioni ilikuwa imeshapita kila lori. Nilikuwa sijaitazama kama mtu asiyejua. Uso wa marehemu moshi mtupu, na juu yake uso wa mama yake, wazi kila mkunjo, mdomo umefunguka kwa kilio. Mtu aliyekuwepo anaona mama anayelia. Mtu aliyekaa kwenye kibanda cha chipsi, anayetafuta maneno ya kupitishia muda, anaona mama anayemmeza mwanawe.

Ndivyo walivyosema. Kisha wakaongeza kwamba Enesia hakufa, amefanywa msukule, na aliyelala pale ni gogo la mti lililovishwa sanda. Wakasema mama ndiye aliyemchukua, yumo mahali analimishwa mashamba kama punda. Upuuzi, utasema. Na mimi nilisema hivyo, nikaendelea kupiga watu picha za pasipoti. Lakini mfikirie Festo. Amemwacha mke mnene, anacheka, stendi. Amezungumza naye kwenye simu kila wiki, anaendelea vizuri. Anarudi anaonyeshwa kaburi na picha ya moshi. Lisemwalo lipo, wanasema Waswahili, na kama halipo laja. Hilo lilikuwa halipo, likaja.

Asubuhi moja jirani yake mama alinipigia simu kutoka Yakobi. Hakunisalimu. Alisema, "Festo amekuja na watu wa Makambako na majembe. Wanataka kufukua."

Nilichukua kamera, nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, na dereva alikuwa akiendesha taratibu kwa uoga, nami nikawa namsukuma mgongoni kama mtoto. Moshi niliusikia puani kabla sijaona kitu. Jiko la mama, lile la mianzi lililojitenga na nyumba, lilikuwa limekwisha, zimebaki sufuria katikati ya majivu. Mama alikuwa amekaa chini uwanjani, kilemba hakipo kichwani, damu inamtoka juu ya sikio. Kundi la wanaume lilikuwa limemzunguka. Festo alikuwa amechuchumaa mbele yake, anamwambia kwa sauti ya chini, na ile sauti ndiyo iliyonitisha kuliko majembe:

"Mama, nirudishie mke wangu. Nirudishie tu, sitamwambia mtu."

Na mama alikuwa hajibu. Elewa hapo, mwanangu. Angeweza kusema aliugua, alikonda, nenda kaulize hospitali. Hakusema. Alikuwa amemwahidi Enesia, na alikuwa tayari wamuue na ahadi yake.

Nikapita katikati yao. Nikawasha kamera, nikaitafuta ile picha ya pili, nikaikuza mpaka uso ukajaa skrini, nikampa Festo. Wale wenzake wakainama juu ya bega lake.

Aliitazama. Akaweka kidole chake juu ya skrini, pale kwenye nyusi.

"Hili kovu ni la mlango wa lori langu," alisema. "Alikuwa ananiletea chakula." Halafu akauliza, bila kumtazama yeyote, "Amekuwa hivi tangu lini?"

Alikaa chini kwenye udongo, kamera mapajani, akaanza kulia kwa namna ambayo wanaume wa kwetu hawafundishwi. Wale waliokuja naye waliondoka mmoja baada ya mwingine, majembe begani, kana kwamba wametoka shambani. Hakuna aliyeomba radhi. Hakuna aliyemwinua mama. Penye wengi pana mengi, lakini aibu ikifika kila mtu huondoka na yake.

Mama akanyoosha mkono kwa kamera. Nilitaka kumkatalia, sikuweza. Aliutazama uso wa mwanawe, akachukua pindo la kitenge chake lenye majivu na kuifuta skrini, taratibu, kama unavyomfuta mtoto usoni.

"Uliniambia ile tu," alisema.

"Mama, wangekuua."

"Najua."

Alinirudishia kamera. "Nilimwahidi akiwa anakata roho," alisema. "Sasa Festo amemwona."

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho kwangu. Wewe ni wa hapa, unajua kwamba kwetu salamu hanyimwi hata adui. Utamkuta mtu unayegombana naye mpaka wa shamba, mtaamkiana kwanza ndipo mgombane. Mama Enesia alipita mbele ya duka langu siku nyingi akienda sokoni, na nilisimama kila mara, nikamwamkia, na kila mara alipita akiangalia barabara. Sikumchukia. Nilimwokoa maisha kwa kitu alichoniomba nisikifanye, na sina hakika hadi leo kama angechagua hivyo. Festo aliacha malori, akahamia upande wa Zambia, na simu yake haipatikani.

Mzee Mligo naye alishatangulia. Kabla hajaondoka nilikwenda kumlalamikia kwamba nimetenda wema na nimelipwa mgongo. Akasema, "Tenda wema uende zako. Wewe ulitaka kukaa upigiwe makofi?" Akaagiza soda mbili, tukanywa tukitazama malori.

Mwaka jana mama naye alifariki. Nilikwenda Yakobi bila kamera. Jeneza lilipotolewa uwanjani, watu wakaanza kupanga mstari kama kawaida, na waliotangulia wakasimama hawajui la kufanya. Halikuwa na kioo. Ubao mtupu kutoka kichwani hadi miguuni. Wengine wakanong'ona kwamba fundi amesahau, ndipo mwanawe wa kiume akasema kwa sauti, "Hajasahau. Mama mwenyewe ndiye alimwagiza. Alisema asiache hata upenyo." Hakuna aliyegeuka kuniangalia, na afadhali wangegeuka. Zamu yangu ilipofika nikaweka kiganja juu ya ubao, ulikuwa wa baridi, nikapita.

Basi hilo ndilo jibu la lenzi, mwanangu, na nasaha yake ni hii. Kamera inayojilenga yenyewe inakupa pa kusingizia. Picha ikimwumiza mtu utasema mashine ndiyo iliyochagua. Lenzi ya mkono inakunyima kisingizio hicho. Chochote kilicho wazi, mkono wako ndio uliokiweka wazi, na kilichogeuka moshi ni wewe uliyekigeuza. Kabla hujazungusha ile pete, jiulize ni nani atakayeitazama picha akiwa mbali, hana wa kumuuliza. Ukibanwa kati ya kumstiri aliyelala na kumlinda aliye hai, mlinde aliye hai, kisha ubebe lawama yake bila kulalamika, maana itakuja. Na usimwahidi mtu anayelia kitu ambacho hujakipima.

Tena lipo moja ambalo Mzee Mligo hakunifundisha, nimelijua mwenyewe na nimechelewa. Enesia alikaa ukuta mmoja na mimi miaka mingi. Nilipiga wateja wake wakijaribu magauni, nilipiga hata cherehani yake ili nijaribu ile lenzi. Yeye sikumpiga hata mara moja akicheka. Nilikuwa nasema yupo tu, nitampiga kesho. Picha yake pekee niliyonayo ni ile.

Lenzi haiuzwi. Njoo Jumatatu uichukue bure, ila ndani imeanza kuota kuvu kwa unyevu wa huku, kwa hiyo iweke mahali pakavu. Picha yako ya kwanza usimpige bibi harusi wa mtu. Nenda nyumbani, mkalishe mama yako mlangoni penye mwanga, msogelee, zungusha mpaka vistari vilale kwenye kope zake, umpige akiwa mzima na mashavu yake. Mungu ayape macho yako uaminifu na mkono wako utulivu. Akupe umri wa kuwapiga watu wako wakicheka, na siku utakapoitwa kwenye kile kioo cha jeneza, akupe nguvu ya kutofumba.